Kuchagua bastola ya saizi kamili: kuanzia kaunta ya duka hadi ndani ya kasiki

Kwetu Kenya bastola ina jina la nyumbani: Ceska. Fungua habari za mahakamani au sikiliza taarifa ya polisi redioni, utakutana na "bastola aina ya Ceska" mara nyingi hivi kwamba wapo wanaodhani ni neno la Kiswahili. Kumbe ni kipande cha jina la kiwanda, Česká zbrojovka, cha Jamhuri ya Cheki. Bastola iliyolisambaza jina hilo duniani ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, na kukamilika mwaka 1975. Ndiyo niliyojifunzia kulenga shabaha, na ndiyo niliyonunua kwanza, kwa haraka, bila kujua nasoma nini kwenye kile kikaratasi cha sifa kilichobandikwa kwenye kioo cha duka.

Mwongozo huu ni wa kukusomesha kikaratasi hicho. Namwandikia mtu mzima mwenye leseni, au aliye mbioni kuipata kwa njia halali, anayetazama bastola kubwa ya kujipakia yenyewe na kutaka kujua kila neno la muuzaji lina uzito gani mkononi. Nitakaa sana kwenye triga, yaani kifyatulio, kwa sababu huko ndiko wengi huumia.

Karatasi kabla ya chuma

Kenya, umiliki unatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hati yako hutoka kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili hati hukupa ruhusa ya silaha inayojulikana, yenye namba yake, pamoja na kiasi maalumu cha risasi. Kwa hiyo usitoe malipo ya awali kwa bastola ambayo hujahakikisha kwamba aina yake na ukubwa wa risasi yake vinakubalika kwenye karatasi zako. Duka halali litakuomba hati kabla hata ya kufungua kabati. Likikuonyesha bidhaa bila kuuliza chochote, geuka uondoke, hata bei iwe tamu namna gani.

Kisha jijibu swali moja kwa uaminifu: bastola hii itakaa wapi muda mwingi? Kama ni uwanjani kwa mazoezi na mashindano, au ndani ya kasiki, yaani sefu ya chuma, nyumbani au dukani kwako, saizi kamili inakufaa. Kama utaibeba kiunoni chini ya shati kuanzia asubuhi hadi usiku, kwenye gari, ofisini, kanisani au msikitini, fikiria tena. Nimeona watu watatu wakinunua bastola kubwa kwa ajili ya kubeba, na baada ya miezi miwili wote wakawa wanaiacha kwenye droo ya gari. Droo ya gari ni zawadi kwa mwizi.

Namna ya kuipokea mkononi

Hili lifanye kila mara, hata kama muuzaji amefanya mbele yako sekunde mbili zilizopita.

Elekeza mdomo wa mtutu upande salama: chini, au kwenye ukuta mnene ambao duka limeutenga kwa kazi hiyo. Kidole cha shahada kilale kando ya fremu, yaani mwili wa bastola, nje kabisa ya mlinzi wa triga, ile pete inayoizunguka. Toa magazini kwanza, lile kasha la risasi linaloingia ndani ya kitako. Vuta slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayoteleza, hadi mwisho, kisha ifunge nyuma kwa wenzo wake. Tazama ndani ya chemba, pale risasi inapolala. Halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse. Utasikia ubaridi wa chuma na ukingo mwembamba wa mviringo, na kidole kitatoka na mafuta kidogo. Tundu likiwa tupu, kidole huzama. Nyumba ya magazini nayo ipekue vivyo hivyo.

Mpangilio huo una sababu. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo, huku ukijiaminisha kwamba bastola ni tupu. Ajali nyingi za "sikujua kama ina risasi" huzaliwa hapo.

Mwalimu wangu wa shabaha, askari mstaafu tuliyemwita Mzee, alikuwa akipewa bastola na mtu aliyeikagua tayari, naye anaikagua upya bila kusema neno. Siku moja mwenzetu alinuna: "Mzee, si nimeiangalia?" Akajibu, "Umeiangalia wewe, mwanangu. Mimi bado."

"Saizi kamili" ni sentimita na gramu ngapi

Neno hili halina kipimo cha kisheria, lakini watengenezaji wanalitumia karibu sawa. Ni bastola ambayo kitako chake kinaenea vidole vyako vyote vitatu vya chini bila kimoja kubaki kinaning'inia, na mtutu wake una urefu wa takriban milimita 114 hadi 127. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114. Ndugu yake mdogo, Glock 19, ana milimita 102. Beretta 92FS ina mtutu wa milimita 125 na urefu wote wa milimita 217.

Urefu huo unakupa vitu viwili. Kwanza, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele unakuwa mkubwa, na kosa dogo la mkono linaonekana machoni kabla halijafika kwenye shabaha. Pili, kuna uzito mbele wa kuzuia bastola isiruke. Kasi ya risasi huongezeka kidogo pia, lakini tofauti ya milimita 12 si ya kuilipia pesa.

Uzito ndio utakaousikia zaidi. CZ 75 B, ambayo fremu yake ni chuma kitupu, ina takriban kilo moja kabla ya kuwekwa risasi. Beretta 92FS, yenye fremu ya aloi ya alumini, ina gramu 950 hivi. Glock 17, yenye fremu ya plastiki ngumu, ina takriban gramu 630 bila magazini. Ishike ya chuma kwa mikono miwili, unyooshe mbele ya uso wako, uhesabu polepole hadi sitini. Ukifika arobaini na mtutu umeanza kutikisika, jua kwamba uwanjani utatikisika mapema zaidi. Lakini uzito huohuo unameza msukumo wa nyuma: bastola ya kilo moja yenye risasi ya milimita 9 husukuma kiganja badala ya kukipiga kofi. Kwa anayeanza, huo ni msaada mkubwa, kwani anayeogopa kishindo hufumba macho, na aliyefumba macho hajifunzi chochote.

Plastiki isikutie shaka. Heckler & Koch walitoa bastola ya fremu ya plastiki, VP70, mwaka 1970, na jeshi la Austria liliichukua Glock 17 mwaka 1982. Tangu hapo swali la kama inadumu limeshajibiwa.

Kinachotokea ndani unapobonyeza

"Kujipakia yenyewe" maana yake ni kwamba kila unapobonyeza triga inatoka risasi moja, na nguvu ya risasi hiyo inarudisha slaidi nyuma, inatupa ganda tupu nje, inaikaza upya silaha, na springi inapoirudisha slaidi mbele inaokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Ili risasi ya pili itoke lazima uachie triga na ubonyeze tena.

Karibu bastola zote kubwa za leo zinafuata wazo la John Moses Browning: mtutu na slaidi vimeshikana wakati wa mlipuko, vinarudi pamoja milimita chache, kisha nyuma ya mtutu inashuka na kuiachia slaidi iendelee peke yake. Kushikana huko kwa muda mfupi kunazuia chemba isifunguke wakati shinikizo la baruti liko juu. Beretta 92 inatumia kipande cha chuma chini ya mtutu kinachoshuka badala ya mtutu kuinama, na slaidi yake imekatwa wazi juu.

CZ 75 ina jambo moja la kwake: slaidi inapita ndani ya reli za fremu, si nje. Hivyo slaidi ni fupi kwa kimo na inakaa chini karibu na mkono. Ubaya wake utaugundua ukiwa na mikono yenye jasho, kwa sababu sehemu ya kushika unapovuta slaidi ni nyembamba. Ijaribu dukani. Vuta mara kumi mfululizo. Kama ya tano inakuponyoka, uwanjani itakuponyoka ya pili.

Triga

Kama ungesoma kipengele kimoja tu kwenye kikaratasi cha sifa, soma hiki.

Kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni bastola za nyundo (kipande cha nyuma kinachoigonga pini, ile sindano inayolipua risasi) zenye mibonyezo miwili tofauti, kama CZ 75 B na Beretta 92FS. Nyundo ikiwa imelala, mbonyezo wa kwanza unafanya kazi mbili: unaikaza nyundo hadi nyuma, kisha unaiachia. Ni mrefu na mzito, takriban kilo 5 kwenye Beretta. Baada ya risasi hiyo slaidi inaiacha nyundo imekazwa, na mbonyezo wa pili unakuwa mfupi na mwepesi, takriban nusu ya ule wa kwanza. Kidole chako kinapaswa kujifunza lugha mbili.

Ya pili ni bastola zisizo na nyundo ya nje, zinazotumia pini yenye springi ndani ya slaidi. Glock 17 ndiyo maarufu. CZ nao wana P-10 F, yenye magazini ya risasi 19. Hapa mbonyezo ni mmoja tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa Glock takriban kilo 2.5. Ni rahisi kufundisha na rahisi kujifunza. Pia haisamehe kidole kilichosahaulika ndani ya mlinzi wa triga, wala kamba ya jaketi iliyoingia kwenye ala pamoja na bastola.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilipenda sura ya CZ, nikaijaribu dukani nyundo ikiwa imekazwa, triga ikaachia ghafla kama kijiti kikavu kinavyovunjika, nikalipa. Hakuna aliyeniambia niijaribu nyundo ikiwa imelala. Uwanjani risasi yangu ya kwanza ya kila mfululizo ilikuwa inatua chini kushoto, karibu na pembe ya karatasi, na zilizofuata zinakusanyika katikati. Nililaumu vilengeo, nikalaumu risasi. Mzee alinitazama mara mbili, akanishika kiganja, akapima: ncha ya kidole changu ilikuwa inaifikia triga kwa kubahatisha, nami nikawa naivuta kwa kuuzungusha mkono mzima. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kuvuta namna hiyo hupeleka risasi chini kushoto. Bastola haikuwa na kosa. Mkono wangu ulikuwa mdogo kuliko mbonyezo wake wa kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Bastola ikiwa tupu na umeikagua, omba ruhusa ya kubonyeza triga bila risasi. Muuzaji mzuri atakuwekea risasi bandia ya plastiki ili pini isigonge hewa. Shika kitako juu kabisa, mfupa wa mkono ukiwa mstari mmoja na mtutu. Bila kuizungusha bastola ndani ya kiganja, weka pedi ya kidole cha shahada kwenye triga, ile nyama iliyo kati ya ncha na pingili ya kwanza. Kama ni bastola ya nyundo, nyundo iwe imelala. Sasa bonyeza polepole ukitazama kilengeo cha mbele. Kama kilengeo kinayumba kushoto kabla ya nyundo kuanguka, au kidole kinagusa fremu njiani, hiyo si yako. Baadhi ya bastola huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa kitako kwa unene tofauti. Uliza, na uvijaribu vyote kabla ya kulipa, kwani umbali hadi kwenye triga hubadilika navyo.

Dada mmoja tunayefanya naye mazoezi ana mikono midogo kuliko yangu. Alijaribu bastola sita kwa siku mbili, akaandika kwenye daftari neno moja kwa kila moja: inafika, haifiki. Alinunua mwishoni bastola ambayo wala hakuipenda kwa sura. Leo anatushinda wengi.

Sefti

Muuzaji akisema "ina sefti tatu", yaani vizuizi vitatu vya kufyatuka kwa bahati mbaya, muulize zipi, na ipi inahitaji mkono wako.

Glock ina tatu zinazojiendesha zenyewe: kipande kidogo katikati ya triga, kizuizi cha pini, na kinga ya kuanguka. Hakuna wenzo wa kuwasha au kuzima. Zinazuia bastola isifyatuke ikianguka au ikigongwa; hazizuii kidole. CZ 75 B ina wenzo upande wa kushoto unaofungika nyundo ikiwa imekazwa, na herufi B inaonyesha kizuizi cha pini ambacho matoleo ya zamani hayakuwa nacho. Beretta 92FS ina wenzo juu ya slaidi unaofanya mawili kwa pamoja, unaishusha nyundo kwa usalama na kufunga silaha.

Huo wa kushusha nyundo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Kwenye CZ 75 B ya kawaida, ukitaka nyundo ilale juu ya chemba yenye risasi lazima uishike kwa dole gumba, ubonyeze triga na kuishusha taratibu. Dole likiteleza, bastola imefyatuka. Sitaki uifanye kazi hiyo. Kama unapendelea bastola ya nyundo, tafuta toleo lenye wenzo maalumu wa kuishusha, kama CZ 75 BD.

Wewe unatumia mkono wa kushoto? Uliza mapema kama wenzo wa sefti, kitufe cha magazini na wenzo wa slaidi vipo pande zote mbili au vinahamishika. Matoleo mengi ya karibuni yamelifikiria hilo.

Risasi na magazini

Tuseme wazi: kwa saizi kamili, kama huna sababu nzito, chukua milimita 9 kwa 19. Risasi hii aliibuni Georg Luger mwaka 1902, na majina 9 mm Luger, 9 mm Parabellum na 9×19 yote ni kitu kimoja. Ndiyo ya kawaida zaidi duniani, msukumo wake ni wa wastani, na gharama ya mazoezi inabebeka. Usiichanganye na 9×18 ya Makarov wala 9×17, ambazo jina linafanana lakini ni risasi nyingine. Soma kilichochapwa kwenye mtutu, kisha soma kilichochapwa kwenye kitako cha ganda. Vilingane neno kwa neno.

Kiswahili kinatutega hapa, kwa sababu risasi ni jina la kinachofyatuliwa na pia la madini yenyewe. Glock huwaonya watumiaji wasipige vichwa vya madini tupu ya risasi visivyovikwa shaba, kwani mabaki yake hujikusanya ndani ya mtutu na kupandisha shinikizo. Ukiuziwa risasi za bei rahisi za mazoezi, tazama rangi ya kichwa: shaba, au kijivu kitupu.

Halafu fikiria kuta zako. Kichwa kilichovikwa shaba chote hutoka kwa takriban mita 350 kwa sekunde, na bati la ukuta wa ploti halikisimamishi, wala mbao za mlango. Ukikosa, risasi bado ina safari ya zaidi ya kilomita moja. Wanaoishi mitaa ya nyumba zilizogusana wanapaswa kulipima jambo hili kabla ya kuamua kwamba bastola ndiyo kinga yao. Wengine wakipima watagundua kwamba mlango wa chuma, taa ya nje na jirani mwema vinawafaa zaidi, na nitawaunga mkono.

Idadi kwenye magazini, 15 ya Beretta, 16 ya CZ 75 B, 17 ya Glock 17, ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo. Mimi naipa uzito mdogo. Ninachouliza ni magazini ngapi zinakuja kwenye boksi, na kama za ziada zinapatikana nchini. Bastola inayokwama, mara nyingi kinachokwamisha ni magazini. Pitisha kidole kwenye midomo ya juu inayoshika risasi: isiwe imepinda, isiwe na mkato. Bonyeza kibao cha ndani hadi chini kisha uachie. Kirudi juu mara moja, bila kusita wala kulala upande.

Vilengeo, reli na vikorombwezo vingine

Vilengeo vya nukta tatu nyeupe vinatosha kujifunzia. Vya plastiki huchubuka ukiivuta bastola sana kutoka kwenye ala, na hubadilishwa na fundi kwa muda mfupi. Slaidi iliyokatwa tayari kwa kufungia kilengeo cha nukta nyekundu ni ziada nzuri kwa wenye macho yanayoanza kuchoka, mradi ujue kwamba kilengeo chenyewe kinauzwa peke yake, na ghali. Reli iliyo chini ya mtutu ni ya kufungia taa. Wakati wa usiku ndani ya nyumba, kumtambua mtu aliye mbele yako ni wajibu kabla ya jambo lolote, ila tafuta tochi ya mkononi pia, kwa sababu taa iliyo kwenye bastola inakulazimisha kumwelekezea mtutu kila unayemmulika, hata mwanao aliyeamka kunywa maji.

Rangi ya jangwani, maandishi ya dhahabu, triga nyekundu: pita.

Kwa wa Mombasa, Lamu, Tanga, Unguja na wote wanaoishi na chumvi hewani, mipako ya chuma ni sifa ya kweli. Uliza kama slaidi na mtutu vimetiwa nitrojeni juu ya uso wake au vimetiwa rangi ya bluu ya kizamani kwa dawa. Ya bluu ni nzuri kwa macho lakini hushika kutu upesi pwani. Wala usiihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma usiku kucha.

Ikiwa imetumika

Bastola iliyotumika vizuri ni biashara njema. Anza na namba. Glock huchapa namba ileile kwenye fremu, slaidi na mtutu. Zote zilingane, na zilingane na karatasi za muuzaji herufi kwa herufi. Namba iliyokwaruzwa au kuchongwa upya ni mwisho wa mazungumzo. Tafuta pia muhuri wa ukaguzi. Nchi wanachama wa C.I.P., kamisheni ya kimataifa ya ukaguzi wa silaha ndogo, zikiwemo Austria, Italia, Ubelgiji na Jamhuri ya Cheki, hutaka kila bastola ipigwe risasi za shinikizo kubwa kuliko la kawaida na kugongwa muhuri kabla ya kuuzwa.

Omba ifunguliwe. Kwa CZ 75, slaidi inarudishwa kidogo hadi alama mbili ndogo nyuma, ya slaidi na ya fremu, zikutane, kisha wenzo wa slaidi unasukumwa utoke upande wa pili. Kwa Glock, triga lazima ibonyezwe kabla ya slaidi kutoka. Rudi ulikagua lile tundu la chemba mara ya pili, na ya tatu kama moyo haujatulia, kwa sababu hapo unabonyeza triga kwa makusudi.

Ukiwa na mtutu peke yake mkononi, uelekeze kwenye mwanga wa dirisha na uchungulie kutokea nyuma. Mifereji iwe wazi na mikali. Ukiona kivuli cha duara kama pete katikati, mtutu umevimba, pengine kwa sababu risasi dhaifu iliwahi kukwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Usinunue. Kung'aa kwenye reli na pembe za slaidi si ubaya, ni alama ya kazi. Ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, ni ubaya. Springi iliyochoka hubadilishwa kwa gharama ndogo, kwa hiyo itumie kupunguza bei tu.

Siku ya kwanza uwanjani

Soma kitabu cha maelekezo kabla, safisha mafuta ya kiwandani, weka tone la mafuta mapya kwenye kila reli. Vaa vikinga masikio na miwani. Anza na risasi tano tu ndani ya magazini, umbali wa mita saba, polepole. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, kama kikohozi, simama hapo hapo. Toa magazini, fungua slaidi, kagua kama kuna kichwa kilichonasa ndani ya mtutu. Usipige nyingine "ili kuona".

Piga walau 200 za aina utakayoitumia, kwa siku mbili au tatu, ndani ya kiwango ambacho hati yako inakuruhusu kuwa nacho. Weka namba kwenye kila magazini kwa rangi nyeupe, uandike ipi ilikwama na namna gani. Baada ya siku tatu daftari litakuambia kama tatizo ni magazini namba 2, ni aina ya risasi, au ni kiganja kilicholegea. Okota pia maganda machache utazame fataki, kile kiduara kitakoni: alama ya pini iwe katikati na yenye kina. Alama hafifu huashiria springi dhaifu au uchafu kwenye njia ya pini.

Nyumbani

Kasiki inunuliwe kabla ya bastola, ifungwe kwa boliti kwenye sakafu ya zege au ukuta wa mawe. Kasiki ndogo isiyofungwa hubebwa pamoja na kilichomo. Risasi zikae kwenye sehemu yake yenye kufuli. Usitegemee urefu wa kabati wala siri ya chini ya godoro. Mtoto wa miaka minne ana muda mwingi wa kutafuta kuliko ulio nao wa kuficha, na akishika kitako kwa kukigeuza, madole gumba yake mawili yanatosha kubonyeza triga ya kilo 2.5.

Kila unaporudi kutoka uwanjani, fanya usafi chumba kikiwa kimefungwa, risasi zote zikiwa chumba kingine. Nawa mikono kabla ya kumbeba mtoto au kugusa sahani, kwani mabaki ya fataki na vichwa yana madini ya risasi. Kisha rudisha bastola ndani ya kasiki, geuza ufunguo, uvute mlango mara moja kuhakikisha umeshika.